Wati mia moja juu ya mlingoti: shajara ya kuurudisha mtandao wetu ndani ya kanuni za masafa

Siku ya 1

Kazi yenyewe ni fupi kuieleza. Kiungo cha redio kati ya jengo kuu na ghala kinakatika, kinakaa kimya, halafu kinarudi chenyewe. Siku nyingine mara mbili, nyingine wiki nzima shwari. Mafundi waliotangulia wamebadilisha kebo, wamebadilisha adapta ya umeme, na sahani moja ya antena wameilegeza, wakailenga na kuikaza upya. Wapi.

Nilianza kwa kuuliza muda. Kikikatika, kinakaa kimya kiasi gani? Mlinzi wa ghala, ambaye ndiye anayetaabika kamera zikizima, alinijibu palepale: dakika kumi. Nikamuuliza tena, maana watu hupenda kukadiria. "Dakika kumi, fundi. Naangalia saa ya ukutani kila mara."

Kifaa kibovu hakina saa. Kitu kinachozima kwa dakika kumi kamili na kufufuka kinatii amri ya mtu fulani. Nikafungua kumbukumbu za kifaa cha jengo kuu, nikarudi nyuma siku tatu, na mistari miwili hii ikajieleza:

DFS-RADAR-DETECTED freq=5580
DFS-CAC-START freq=5620

Wa kwanza unasema rada imesikika, wa pili kwamba usikilizaji umeanza kwenye masafa mengine. Baada ya huo wa pili, hakuna mstari wowote kwa sekunde 600.

Maelezo kidogo kwa atakayerithi shajara hii. Katika sehemu kubwa ya masafa ya gigahezi 5, Wi-Fi ni mgeni na rada ndiye mwenye nyumba. Kifaa kinachotaka kurusha humo hukaa kwanza kimya kikisikiliza. Kwa chaneli nyingi za rada kinasikiliza sekunde 60. Lakini kati ya megahezi 5600 na 5650, zinakofanya kazi rada za hali ya hewa, kanuni za Ulaya (na mamlaka yetu inafuata mipaka ileile) zinadai dakika 10 nzima. Sababu ni kwamba rada hizo huzunguka taratibu, zikipanda na kushuka kwa pembe mbalimbali, na mwale wake unaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kukupitia. Kama mapigo ya rada yanasikika wakati tayari unarusha, unaondoka ndani ya sekunde 10, na chaneli ile huigusi kwa dakika 30.

Kwa hiyo kiungo hakikuwa kibovu. Kilisikia rada, kikahama, na huko kilikohamia kikatakiwa kusikiliza dakika kumi kabla ya kusema neno.

Siku ya 2

Swali la leo: kwa nini kilihamia palepale penye dakika kumi, wakati kuna chaneli kibao za kusubiri dakika moja?

Jibu lilikuwa katika orodha ya chaneli zilizoruhusiwa. Aliyetangulia alifungia kifaa kati ya 116 na 128. Nikampigia, akaniambia kwa fahari kwamba alipima hewa siku nzima na huko ndiko kulikokuwa kimya kuliko kote. Kweli ni kimya. Ni kimya kwa sababu wenye akili wote wamehama.

Pana jambo la pili hapa, nalo lingenipita hata mimi. Skrini inaonyesha chaneli 116, yaani megahezi 5580. Ukiitazama hivyo unasema iko salama, chini ya 5600. Lakini kiungo kimewekwa upana wa megahezi 40. Chaneli 116 kwa upana huo inambeba jirani yake 120 mgongoni, na kwa pamoja zinakaa kuanzia 5570 hadi 5610. Zile megahezi 10 za mwisho zimeshaingia eneo la rada ya hali ya hewa, na kanuni inasema ukiligusa hata kwa ukucha, dakika kumi zinakuhusu. Namba ya chaneli ni jina tu la mahali pa kuanzia. Mpaka wako ni kingo mbili za upana wako, na hizo skrini haizionyeshi.

Dogo aliyeletwa kwa mafunzo ana suluhisho la haraka. "Kaka, si tubadilishe nchi tu? Tuweke US. Ile orodha haina kusubiri dakika kumi."

Hajakosea kuhusu orodha. Kwa msimbo wa Marekani kifaa kingesubiri dakika moja hata katika 120. Nikamwambia msimbo wa nchi si chaguo kama lugha ya menyu. Ni tamko: unakiambia kifaa mlingoti umesimama wapi, nacho kinachukua sheria za mahali hapo. Ukikidanganya, rada haihami.

Na aliyedhani rada haimwoni, inamwona. Wi-Fi ikiingilia rada ya hali ya hewa, kwenye picha ya rada hutokea mstari ulionyooka kutoka katikati hadi ukingoni, kama mvua ya ajabu inayonyesha upande mmoja tu. Mstari huo unaelekea kwa aliyeurusha. San Juan, Puerto Rico, mwaka 2009, rada inayolinda uwanja wa ndege dhidi ya pepo za ghafla ilichafuliwa hivyo na vifaa vya gigahezi 5 vya nje, na wachunguzi wakafuatilia mistari hadi kwenye milingoti yenyewe. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ikawatoza watoa huduma faini. Hiyo ndiyo nchi ambayo dogo anataka tujifiche nyuma yake.

Siku ya 3

Nimetembea na kompyuta mpakato jengo zima, kila kisambazaji cha Wi-Fi nakiuliza `iw reg get` (amri inayoonyesha kifaa kinafuata sheria za nchi gani) au naangalia ukurasa wake wa mipangilio. Vya ndani viko kumi na kimoja, vya nje vinne, pamoja na ncha mbili za kiungo.

Matokeo ni mchuzi. Vinane vina msimbo wetu. Vitatu vina US. Viwili vina 00. Vilivyobaki vina misimbo ya nchi ambazo nadhani zilichaguliwa kwa sababu zilikuwa za kwanza kwenye orodha.

00 ndiyo inayochanganya watu, wakidhani maana yake ni "popote, fanya utakalo". Ni kinyume. Ni msimbo wa dunia nzima kwa kifaa kisichojua kilipo, hivyo inachukua tahadhari za kila mtu: katika gigahezi 2.4 kinarusha chaneli 1 hadi 11 tu, 12 na 13 kinasikiliza bila kuanzisha, na gigahezi 5 karibu yote hakifungui mtandao hadi kisikie mwingine. Visambazaji viwili ambavyo watu wamelalamika mwaka mzima kwamba "gigahezi 5 haitokei" ndivyo hivyo viwili. Nimeweka msimbo sahihi, ikatokea. Dakika mbili za kazi.

Tofauti za nchi hazikubuniwa kuwasumbua mafundi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeigawa dunia kanda tatu: ya kwanza ni Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, ya pili Amerika zote, ya tatu sehemu kubwa ya Asia na Pasifiki. Mkutano wake wa mwaka 2003 ndio uliofungulia mitandao ya aina hii megahezi 5150 hadi 5350 na 5470 hadi 5725 duniani, kwa sharti la kumpisha rada. Ndani ya hapo kila nchi huamua yake. Marekani inaishia chaneli 11 katika gigahezi 2.4, Ulaya 13, na Japani ina 14 yake peke yake kwa teknolojia ya zamani ya 802.11b. Ndiyo maana simu iliyonunuliwa ng'ambo huwa haiioni Wi-Fi iliyowekwa chaneli 13, mwenyewe akadhani ruta imekufa.

Kwenye Linux sheria hizi zinakaa katika faili moja yenye saini ya kidijitali. Tangu kerneli (kiini cha Linux) 4.15 inasomwa moja kwa moja na kerneli yenyewe, na ukiichezea, saini haitalingana na itakataliwa. Dogo ameuliza kama inawezekana kuizunguka. Nimejifanya sikusikia.

Siku ya 4

Leo nimepanda mlingotini, na mradi umebadilika sura.

Nilikwenda kuangalia kama sahani imelegea. Nyuma yake kuna kibandiko kilichofifia kwa jua, nikakifuta kwa kidole gumba: 23 dBi, yaani ongezeko la antena la desibeli 23. Nikashuka, nikafungua ukurasa wa mipangilio. Nguvu ya kurusha: 27 dBm (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja). Ongezeko la antena: 0.

Sifuri. Yaani kifaa kimeambiwa hakina antena.

Nguvu ambayo kanuni inaihesabu si ile inayotoka kwenye chipu. Ni ile inayotoka kinywani mwa antena kuelekea inakolenga, wahandisi wanaiita EIRP, na hesabu yake ni ya kuongeza na kutoa tu: nguvu ya chipu, toa kinachopotea kwenye kebo, jumlisha ongezeko la antena. Hapa kebo hakuna, redio imeshonwa nyuma ya sahani. Basi 27 jumlisha 23 ni 50 dBm.

Mpaka katika chaneli hizi ni 30 dBm, kwa kifaa chenye uwezo wa kujipunguza nguvu chenyewe. Kisicho nao ni 27. 30 dBm ni wati 1. Kila desibeli 10 ni mara kumi, kwa hiyo 50 dBm ni wati 100. Kwa miaka hii yote tumekuwa tukirusha mara mia ya kinachoruhusiwa, kuelekea ghala lililo kilomita 1.4 tu. Ni kama kumwita mtu aliyekaa meza ya pili kwa honi ya lori.

Nilimwonyesha dogo hesabu kwenye gamba la boksi. Akaitazama muda mrefu. "Kwa hiyo sahani inatengeneza umeme?" Swali zuri kuliko anavyodhani. Hapana, sahani haiongezi chochote. Inakusanya kile ambacho kingetawanyika pande zote na kukisukuma upande mmoja. Lakini aliye kwenye njia ya mwale anapigwa kama vile kuna wati 100 zinazomwagika pande zote, na kanuni inamlinda yeye.

Nikapiga na hesabu ya pili, kujua kama tukishuka hadi kwenye mpaka kiungo kitaishi. Kilomita 1.4, karibu na megahezi 5500, umbali peke yake unakula desibeli 110. Tukirusha 30, toa 110, jumlisha 23 za sahani ya upande wa pili: inafika −57 dBm. Hiyo ni ishara nzuri tu. Ile ya sasa ni −38, nguvu ambayo hakuna aliyeihitaji.

Siku ya 5

Mvua. Hakuna kupanda. Nimekaa ndani nikiandika faili za mipangilio za visambazaji vinavyotumia hostapd, programu ya Linux inayoendesha kisambazaji. Zinatofautiana kwa mengi ila mistari mitatu iko katika kila moja:

country_code= (herufi zetu mbili)
ieee80211d=1
ieee80211h=1

Wa pili unakitangazia kila kifaa kinachojiunga kwamba tuko nchi gani na mipaka ni ipi. Wa tatu unawasha usikilizaji wa rada. Bila huo wa tatu, chaneli za rada hazifunguki, na hapo ndipo wengi huanza kutafuta "nchi rahisi".

Siku ya 6

Kubadilisha kiungo chenyewe. Kanuni ya zamani ya mafundi: anza na ncha ya mbali, la sivyo utajifungia nje na utatembea.

Nilianza na ya ghala. Ongezeko la antena 23, nguvu 7. Kwa kuwa 7 na 23 ni 30. Huku jengo kuu ishara ikashuka kutoka −38 hadi −58. Karibu kabisa na hesabu. Nikaja ncha ya kwetu, nikaandika vilevile, 23 na 7, nikabonyeza hifadhi nikiwa nimeshaanza kukunja kebo.

Ghala likaripoti −65.

Desibeli 7 zimeenda wapi? Sahani haijaguswa, hewa ni ileile. Nikakaa na lile pengo dakika ishirini nzima kabla ya kuangalia toleo la programu ya ndani ya vifaa viwili. Ndugu pacha, toleo tofauti. Kwenye la zamani, kisanduku cha nguvu maana yake ni nguvu ya chipu. Kwenye jipya, kisanduku hichohicho, chenye jina lilelile, maana yake ni EIRP, na kifaa chenyewe kinatoa ongezeko la antena. Nilipoandika 7, kikachukua 7 toa 23, kikapata −16, hakiwezi kwenda chini hivyo, kikaishia chini kabisa mwa uwezo wake, ambao ni 0. Sifuri badala ya saba. Desibeli saba zangu zikapatikana.

Nikaandika 30 kwenye kile kisanduku, ghala likasoma −58.

Nimeirekodi hii kwa urefu kwa sababu naamini ndiyo iliyomponza aliyetangulia. Mtu aliyezoea toleo jipya anaandika 27 akijua ndiyo nguvu ya mwisho, kwenye toleo la zamani linaloelewa 27 kuwa ya chipu. Hakuna onyo linalotokea. Kiungo kinawaka, ishara inapendeza, kila mtu anaenda nyumbani. Kosa la upande wangu linajionyesha kwa ishara kupungua. Kosa la upande wake linajificha ndani ya ishara nzuri.

Kisha chaneli. Nimehamisha kwenda 100 kwa upana wa 40, yaani 5490 hadi 5530, na orodha ya akiba ni 104, 108, 112 na kutoka 132 kwenda juu. 116 nimeifuta pamoja na 120 hadi 128, ingawa kwa upana wa 20 ingekuwa halali kwa dakika moja. Sitaki mtu aje aongeze upana bila kukumbuka. Tulisimama na dogo tukitazama saa ya kompyuta. Sekunde 60 za kimya, halafu taa ya kijani.

Kasi imeshuka kidogo, kama sehemu moja ya kumi. Lakini pakiti zinazorudiwa zimepungua mno. Redio iliyosukumwa hadi mwisho wa uwezo wake hupotosha mawimbi yake yenyewe, na kwa njia nzito za kupakia data kwenye mawimbi upotoshaji huo unasikika upande wa pili kama kelele.

Siku ya 9

Vya nje vinne. Viwili vilikuwa chaneli 36. Kwetu 5150 hadi 5350 ni kwa matumizi ya ndani ya jengo, 23 dBm basi. Nimevihamishia 132. Kimoja cha gigahezi 2.4 kina antena ya 12 dBi na kebo ya mita kumi inayokula desibeli 2. Mpaka huko ni 20 dBm, miliwati 100, kwa hiyo chipu inabaki na 10. Kilikuwa 20. Mara kumi ya mpaka, ambayo baada ya ile ya mlingotini ilionekana kama utani.

Vya ndani: msimbo wa nchi, chaneli 1, 6 na 11 kwa kupokezana, nguvu imeshushwa. Vile viwili vipya vya gigahezi 6 vinabaki ndani, kati ya 5945 na 6425. Mtu mmoja wa ofisi ameomba kimoja kipandishwe paani kwa kuwa "kina kasi". Hakipandi.

Siku ya 17

Saa tisa na dakika kumi na mbili usiku kiungo kilisikia rada kwenye 100. Kikahamia 132, kikasikiliza dakika moja, kikarudi hewani. Nimemwuliza mlinzi asubuhi kama kamera zilizima. Anasema labda alikuwa anapika chai.

Ikijirudia kila usiku saa ileile nitaanza kushuku mapigo ya uongo, maana kifaa kilicho karibu mno na redio nyingine huweza kusikia rada isiyokuwapo. Mara moja tu, nalihesabu kuwa rada.

Siku ya 23

Hakuna kukatika kwingine. Nimepanda mara ya mwisho kubandika lebo ndani ya kifuniko cha boksi, kwa kalamu ya wino usiofutika: "Sahani 23 dBi. Toleo jipya andika 30, toleo la zamani andika 7. Usiguse 116–128."

Kimebaki kisambazaji kimoja kati ya vile vitatu vya US. Msimbo wake wa nchi umefungwa kiwandani, haubadiliki kwa menyu wala kwa kuweka upya programu ya mtengenezaji. Nimekishusha na kukitia kabatini na karatasi juu yake. Dogo amekiomba akakitumie kwao, anasema huko hakuna rada. Nimemwuliza amejuaje. Ameahidi kuniletea jibu, na kabati nimelifunga kwa ufunguo.